Kilomita Siyo Masaa: Safari ya Mwanafunzi kutoka Entebbe hadi Kuala Lumpur



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, wapo vijana wetu wa Uganda wanaokwenda kusoma Malaysia, baadhi yao katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu kilichoanzishwa mwaka 1983. Nyumbani swali la kwanza huwa, "Ni mbali kiasi gani?" Sisi tunaona swali hilo peke yake halitoshi.

Kwa njia iliyonyooka, kutoka uwanja wa Entebbe hadi wa Kuala Lumpur ni takriban kilomita 7,700. Lakini kijana hupanda ndege mbili. Akipitia Doha, ni kama kilomita 3,500 kwanza, kisha 5,900, jumla 9,400. Angani pekee ni karibu masaa 13, bado kusubiri ndege ya pili. Tiketi ya bei nafuu mara nyingi ndiyo yenye kusubiri kurefu, na anayesubiri usiku kucha hununua chakula. Basi nafuu hiyo ipigiwe hesabu kabla ya kulipa.

La pili ni saa. Tiketi huandika saa za kila mji, na Malaysia iko mbele yetu kwa masaa 5. Tuchukue mfano: kijana anaondoka Entebbe saa 10 jioni, anafika kesho yake saa 8 mchana. Mzazi akitoa anapata masaa 22, kumbe ni 17. Akirudi, anaondoka saa 3 asubuhi na kufika Entebbe saa 3 usiku siku ileile. Hapo yanaonekana 12, kumbe ni 17 vilevile. Mama asiyejua hili hukesha kwa hofu bure.

Mtego mkubwa zaidi ni ndege za usiku. Tiketi ikisema 00:45 tarehe 15, hiyo ni saa 6 na dakika 45 usiku wa kuamkia tarehe 15. Mtu aende uwanjani jioni ya tarehe 14. Atakayekwenda jioni ya tarehe 15 ameachwa, na fedha ya ukoo mzima imepotea.

Tusisahau swala. Anayekwenda mashariki hulikimbilia jua, hivyo Alfajiri humkuta angani wakati saa yake ya Entebbe bado inasema ni usiku mkubwa. Amuulize sheikh wake mapema kuhusu kukusanya na kupunguza, asingoje mpaka awe kitini.

Rai yetu ni hii: kabla ya kulipa, baba, mama na kijana wakae pamoja na kalamu na karatasi, waandike kila saa kwa saa za Entebbe. Ni kazi ya dakika 10, na huokoa mengi.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu. Wabillahi tawfiq.