Sahani za Kirumi Zisizotoka Rumi

Imezuka tabia miongoni mwetu walimu, nayo yafaa ikomeshwe kabla haijaota mizizi. Kila itajwapo habari ya vigae vyekundu vya kigeni vilivyofukuliwa katika mahame ya pwani, twaharakisha kuwaambia wanafunzi ya kwamba Warumi walifika huku, kisha twaongeza kwa fahari ya kwamba hiyo ndiyo dalili ya ustaarabu wetu wa kale. Maneno hayo yana makosa mawili, na yote mawili ni makosa ya lugha kabla hayajawa makosa ya historia.

Kosa la kwanza li katika jina. Frederick Waagé, alipovipanga vigae vya Athens katika miaka ya 1930, aliviita vyombo vya mwisho wa zama za Kirumi, akavigawa katika mafungu kwa herufi. Jina hilo lilitaja wakati, wala halikutaja mahali. John Hayes, katika kitabu chake cha mwaka 1972, aliyaweka mafungu A na B chini ya jina la Afrika, kwa kuwa yalifinyangwa Afrika ya Kaskazini, hasa katika nchi tuiitayo leo Tunisia. Fungu C lilitoka Phocaea, ambao sasa ni mji wa Foça huko Uturuki. Hata moja katika hayo matatu halikutoka Rumi.

Wafinyanzi wa Afrika ya Kaskazini, katika vijiji kama El Mahrine, walikichovya chombo katika tope jembamba la udongo laini, wakakichoma katika tanuri yenye hewa ya kutosha hata kikawa chekundu. Katikati ya sahani nyingine waligonga mihuri ya misalaba, makuti ya mitende na wanyama. Bidhaa hiyo ilisafirishwa baharini pamoja na nafaka na mafuta ya zeituni, ikaenea kutoka Uingereza hata Bahari Nyeusi. Wavandali walipoiteka Carthage mwaka 439, utawala wa Rumi ukaondoka pale mpaka mwaka 533. Lakini matanuri hayakuzimika. Yaliendelea kuwaka hata karne ya 7. Je, sahani iliyofinyangwa na Mwafrika, chini ya mfalme wa Kivandali, tuiite ya Kirumi kwa haki gani?

Sisi walimu wa Kiswahili hatuna udhuru wa kuchanganyikiwa na neno Rumi. Katika tendi zetu Rumi ni dola ya Konstantinopoli, na kila asomaye habari za Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, amjua Herekali mfalme wake. Basi Herekali huyo aling'oa nanga Carthage alipokwenda kutwaa kiti cha enzi mwaka 610, na babake ndiye aliyekuwa mtawala wa Afrika. Tumelisoma jina lake miaka mingi, wala hatukuuliza alitoka bandari gani, wala bandari ile ilipakia nini.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni la kasumba. Mwaka 1996 Abdurahman Juma aliandika juu ya vigae vya zama hizo vilivyopatikana Unguja Ukuu. Ilikuwa kazi ya kushukuriwa. Lakini wako waliochukua vigae vichache hivyo wakayasahau malundo ya vyungu vya wenyeji yaliyofukuliwa pale pale. Vyungu hivyo, vyenye nakshi za pembetatu zilizochorwa shingoni, vimepatikana kwa wingi pwani na baadhi ya sehemu za bara pia. Ndivyo vilivyopikia, ndivyo vilivyochotea maji, ndivyo vinavyotueleza nani aliishi pale. Sahani ya kigeni yatueleza jambo moja tu: mtu wa pale alikuwa na kitu cha kutoa, akapewa sahani. Mnunuzi ndiye mwenye mji, si muuzaji.

Tazameni Tintagel, kwenye majabali ya Cornwall. Tangu miaka ya 1930 wamefukua huko vigae vya sahani kutoka Phocaea na kutoka Afrika ya Kaskazini, vya karne ya 5 na ya 6. Wataalamu wa Uingereza hawakusema ya kwamba Waafrika ndio waliowastaarabisha watu wa Cornwall. Walisema ya kwamba palikuwa na watawala wenyeji wenye nguvu na mali, walioweza kuagiza vitu vya mbali. Hoja iliyo halali Tintagel haiwezi kuwa haramu Unguja.

Wala tusiwafundishe vijana ya kwamba kigae kikipatikana, tarehe ya mji imepatikana. Tarehe ya sahani ni tarehe ya tanuri. Sahani nzuri huweza kurithiwa, huweza kuzungushwa bandari hata bandari kabla ya kuvunjika. Wachimbaji waliofuata katika karne hii ya 21 wameuweka mwanzo wa mji wa Unguja Ukuu karibu na karne ya 7, na wataalamu wangali wanabishana. Mwanafunzi na aelezwe ubishi huo, maana ndio elimu yenyewe.

Ndugu walimu, twatoa mapendekezo matatu. Kwanza, palipo na hakika ya asili yao, tuviite vyombo vyekundu vya Afrika ya Kaskazini, au vya Phocaea, na neno Kirumi tuliachie zama. Pili, kila tunapotaja kigae cha kigeni, tutaje pia vya wenyeji vilivyolala pamoja nacho. Tatu, tufufue msamiati wetu: tunayo kombe, bungu, kibia, chungu, mtungi na kigae, kila kimoja kina umbo lake na kazi yake, na darasa linalovijua vyote haliwezi kuridhika na neno "chombo" peke yake.

Mkataa kwao mtumwa, walisema wazee. Sisi twaongeza: anayelikataa gae la chungu cha nyanya yake kwa kuwa sahani ya mgeni yang'aa, huyo amejitia utumwani kwa hiari.