Safari ya baiskeli: mwendo aupange wa nyuma

Mwaka jana tulitoka ndugu na majirani, baiskeli saba, kutoka Bagamoyo mjini kwenda magofu ya Kaole, kilomita zipatazo tano. Vijana wakatimua mbele. Kaka yangu, aliyembeba binti yake wa miaka minne kwenye karia, akakanyaga kwa nguvu asiachwe. Mtoto akasinzia, mguu ukaingia kwenye spoku. Kisigino kilichanika, akashonwa.

Tulimlaumu baba. Lakini kosa lilikuwa letu sote.

Mzazi, safari ya kundi hupangwa kwa kumtazama anayechoka mapema: mtoto, bibi, au ndugu mwenye ulemavu anayeendesha baiskeli ya magurudumu matatu kwa mikono. Huyo ndiye apange mwendo. Mtu mzima mmoja aongoze, mwingine afunge msafara.

Mtoto wa kubebwa akae kwenye kiti chenye mkanda, pa kuwekea miguu na kinga ya spoku. Avae kofia ngumu na viatu vinavyofunika kisigino. Aliye chini ya mwaka mmoja asipakiwe. Shingo yake haijakomaa. Simameni mara kwa mara anywe maji. Hakanyagi, lakini jua linampiga.

Mguu ukinaswa, usiuvute wala kuzungusha tairi. Kata spoku, osha jeraha kwa maji safi, mpeleke hospitali hata likionekana dogo. Mfupa huenda umevunjika.

Mwezi uliopita tulirudi Kaole. Safari hii shangazi yetu wa miaka 60 ndiye aliyetangulia, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita.