KAZI YA NYUMBANI NAYO INA SAA ZAKE



Kiwandani kuna kengele. Ikilia asubuhi mtu huingia, ikilia jioni hutoka, na akizidisha hata saa moja ajua kwamba anadai malipo ya ziada. Lakini wako wenzetu hapa Nyamarambe na vijiji vya jirani ambao hawana kengele, hawana lango wala nyapara. Hao ni watu wafanyao kazi nyumbani kwao na kulipwa kwa kila kitu wanachokimaliza. Leo twataka kusema nao.

Wa kwanza ni jirani zetu wa Tabaka. Huko mwanamume huchonga jiwe, na mara nyingi mama ndiye alisuguaye kwa msasa na maji hata likang'aa. Wa pili ni vijana wa kompyuta, wanaoandika na kunakili maneno ya sauti kwa wateja wa ng'ambo, kazi ambayo Serikali ilianza kuihimiza mwaka 2016 kwa mpango wa Ajira Digital. Kazi ni mbili, lakini ugonjwa ni mmoja: mtu hujiona huru, kumbe kazi inamla usiku na mchana.

Tazameni kijana wa kompyuta. Saa kumi na moja jioni kule New York, watu wanapofunga ofisi, hapa kwetu ni saa sita ya usiku, na katika miezi yao ya baridi ni saa saba. Angojaye neno la mteja hukesha. Asubuhi watu wa nyumbani humwona yupo, wakamtuma sokoni, kwani akaaye nyumbani hudhaniwa hana kazi. Mama wa msasa naye hupika, huteka maji na kulea mtoto, na jiwe la mnunuzi hulisugua usiku.

Mali bila daftari huisha bila habari, na saa ni mali. Kila mmoja aandike saa zake zote: za kuchonga, za kubeba jiwe, za kungoja umeme, na za kutafuta kazi. Tuseme kinyago kimeuzwa shilingi 600. Kukichonga na kukisugua kumekula saa 15, kufuata jiwe na kumngoja mnunuzi saa 5. Jumla ni saa 20, yaani shilingi 30 kwa saa, kabla ya kutoa bei ya jiwe na msasa. Ahesabuye saa 15 tu hujidanganya kwamba amepata 40. Asiyejua bei ya saa yake hukubali bei yoyote.

Tena, wekeni saa ya kuanza na saa ya kufunga, na watu wa nyumbani waambiwe. Wekeni na siku ya kupumzika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mwajiriwa angalau siku moja katika kila siku saba. Anayefanya kazi bila mkataba wa ajira hana wa kumpa siku hiyo. Hana budi kujipa mwenyewe.

Lakini daftari peke yake halitoshi. Ukifunga kazi saa kumi na mbili, na jirani yako akakubali kukesha kwa bei ile ile, mnunuzi atakwenda kwake. Siku ya saa nane haikuletwa na huruma ya matajiri. Wafanyakazi wa Chicago waligoma kwa ajili yake Mei 1886, na wengine walikufa. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani liliiweka katika mkataba wake wa kwanza. Mwaka 1996 likapitisha mkataba namba 177 juu ya kazi za nyumbani, lakini nchi nyingi hazijauridhia. Nao watu wa kazi hizo si wachache: Shirika hilo lilikadiria kuwa mwaka 2019 walikuwa milioni 260 duniani.

Basi, ndugu wa msasa na ndugu wa kompyuta, njoni na madaftari yenu tukae pamoja. Tupatane juu ya mambo mawili: bei ambayo hakuna atakayeshuka chini yake, na nyongeza kwa kila kazi iletwayo jioni ikatakiwa asubuhi. Kidole kimoja hakivunji chawa.