Nani Atashika Ufunguo wa Todonyang?

KANDO YA ZIWA, na Ekal Lomuria

Kila yanapozuka Lodwar mazungumzo kuhusu majengo ya zamani ya misheni, hakosekani wa kupendekeza yageuzwe kumbi za jamii. Sina ugomvi na wazo hilo, ila naona limechelewa. Nenda Todonyang, kule Kenya inakoishia, karibu na Mto Omo unapoingia Ziwa Turkana. Misheni ya Kikatoliki ya Malkia wa Amani haijafikia hata umri wa kuitwa ya kale, lakini watu huifuata kwa maji, dawa na masomo ya watoto, aliyebatizwa na asiyebatizwa.

Ndivyo mambo yalivyoanza huku kwetu. Mapadri wa Mtakatifu Patrick walifika Lodwar mwaka 1961, njaa ikiwa imeshika kweli kweli. Chakula kilitangulia katekisimu.

Kwa hiyo mimi siulizi jengo ligeuzwe nini. Nauliza ufunguo atakaa nao nani. Kule Rabai, kanisa la zamani la misheni aliyoianzisha mmishonari Krapf mwaka 1846 sasa ni makumbusho. Bagamoyo, nyumba ya masista ni makumbusho vilevile. Kazi njema, lakini makumbusho ni ya mgeni mwenye tiketi. Mama anayetafuta pa kufanyia kikao cha chama hatapiga hodi huko. Linganisha na mwaka 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, waliokuwa wakigoma kula kudai wana wao waachiliwe, walipopigwa na polisi Uhuru Park, Nairobi. Walikimbilia Kanisa Kuu la All Saints, wakaendelea na mgomo wao humo hadi mwaka uliofuata. Msalaba haukuondolewa, na hakuna aliyewaomba kadi ya ubatizo.

Todonyang inahitaji mahali pa namna hiyo kuliko Nairobi. Mei 2011 Waturkana wengi waliuawa hapo katika mapigano na Wadassanech, jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka tunaowaita Merille. Februari 2025 damu ikamwagika tena, safari hii ya wavuvi. Vikao vya amani vitakaliwa wapi? Kwenye kituo cha polisi, kila anayeingia hujiona mshtakiwa. Chini ya mti wa wanaume, ambako wazee hukaa kuamua mambo, wanawake hubaki pembeni, na mti wenyewe una wenyewe. Ukumbi wa misheni angalau unaweza kuwapokea wote.

Tatizo ni kwamba padri huhamishwa. Anayekuja huenda akawa mtu wa kufuli. Na ardhi je? Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ardhi ambayo jamii haijaisajili inashikiliwa na kaunti kwa niaba yake. Kabla ya mtu kununua rangi na viti vya plastiki, basi, dayosisi, kaunti na wanakijiji waandikiane: nani anaitisha kikao, nani analipa fundi wa pampu, nani anabadilisha betri za sola zikifa. Kaunti hupenda kukata utepe. Betri huwa haina mpiga picha.

Kamati iwe na wavuvi, wafugaji na wanawake wenye kura, si wa kuandaa chai tu. Je, Mdassanech apewe kiti? Mimi nasema apewe, na funguo ziwe mbili, moja ishikwe na mwanamke. Najua kijijini Lowarengak, kando ya ziwa hilihili, wapo watakaonikasirikia kwa hilo. Waje tubishane, lakini waje na pendekezo la mahali pengine ambapo Mdassanech atakubali kuketi.