Mark X, masika na matairi ya nyuma

Masika yanapoanza mwezi Machi, lami ya Thika Road hubadilika kwa dakika chache. Matone ya kwanza ndiyo ya kuogopwa zaidi. Huchanganyika na vumbi na oili iliyodondoka kiangazi kizima, na kati ya Ruiru na Juja barabara huwa telezi kabla maji hayajaiosha. Hapo ndipo Toyota Mark X, kipenzi cha vijana wa Kamakis na Thika mjini, inapomtahini dereva wake.

Mark X nyingi zilizoko Kenya zina injini ya V6 ya lita 2.5, yenye nguvu za farasi takriban 200, na nguvu hizo zote huenda kwenye magurudumu ya nyuma. Uzito wa injini uko mbele. Dereva akikanyaga mafuta kwa pupa anapoingia mzunguko uliolowa, matairi ya nyuma huzunguka bure, mkia unatoka nje na gari linatazama lilikotoka. Matatu za Hiace nazo husukumwa kwa nyuma. Zikijaa abiria hutulia, zikirudi tupu huwa nyepesi nyuma na huteleza upesi.

Wapo wanaosema magari ya aina hii hayafai kwa mvua. Historia ya nchi hii inawapinga. Mashindano ya magari ya Safari Rally yalikuwa yakifanyika wakati wa Pasaka, katikati ya masika, na mwaka 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho kwa sababu ya matope. Mshindi alikuwa Nick Nowicki, akiendesha Peugeot 404. Shekhar Mehta alishinda mwaka 1973 kwa Datsun 240Z, na Joginder Singh mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Yote yalikuwa magari ya kusukumwa kwa nyuma.

Tatizo ni mguu wa dereva, na zaidi ya hapo, matairi.

Vijana wengi hutumia pesa nyingi kwa rimu na ekzosi ya kunguruma, huku matairi ya nyuma yakibaki vipara. Baadhi ya magari yanayotoka Japani huja yamevaa matairi ya theluji, yenye neno STUDLESS ubavuni. Mpira wake ni laini kwa makusudi, ili ushike barabara yenye barafu ya Hokkaido. Kwenye lami ya moto ya Thika hulika haraka, na mvua ikinyesha hayashiki barabara kama matairi ya kawaida. Kuyaacha kwa sababu bado yanaonekana mapya ni kujidanganya.

Shule za udereva nazo zina deni. Kwa miaka mingi mwanafunzi ametahiniwa kwa kigari cha kuchezea juu ya ubao wa mji wa mfano, kisha akaendesha kidogo barabarani. Hakuna anayemfundisha kwamba mkia ukitoka, aondoe mguu kwenye mafuta taratibu, ageuze usukani upande ule ule mkia unakoelekea, na asiikanyage breki kwa hofu. NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, iingize somo hilo katika mtihani, kwenye uwanja uliolowa maji. Na mwenye Mark X ayakague matairi yake ya nyuma wiki hii, kabla ya mvua, wala asiuzime mfumo wa kudhibiti utelezi ili kuwafurahisha marafiki.