Majani mawili na chipukizi

Na Moraa Nyaboke

Juzi mjini Keroka, mwanakamati wa chama chetu cha akiba na mikopo alinionyesha barua pepe kwenye simu yake. Mtu alikuwa amejaribu kuingia kwenye mfumo wa chama usiku, akakosea nywila mara nyingi, na mfumo wenyewe ukatuma tahadhari. Hilo ni jema. Lakini kiambatisho kilikuwa jedwali lisilo na mwisho: majina ya wanachama, nambari za vitambulisho, simu, salio. Jina langu lilikuwamo.

Nikamuuliza ni akaunti ya nani iliyojaribiwa. Alipekua hadi akachoka. “Dada, tahadhari hizi mimi huwa hata sizifungui,” akasema.

Hapo pana hasara mbili. Siri zetu zimetoka nje, na mlinzi naye hajui mwizi alijaribu mlango upi.

Sisi tuliolelewa kwenye mashamba ya chai ya Nyamira tulifunzwa mapema: chuma majani mawili na chipukizi. Jani gumu halipiti kwa karani wa kituo. Kiwanda, kiwe cha Kebirigo au cha Nyansiongo, hakihitaji kuletewa kichaka kizima.

Tahadhari nayo ichumwe hivyo. Programu za kupekua kumbukumbu za mifumo, kama Splunk, humwachia fundi nafasi ya kuchagua. Swali analoandika ndilo linaloamua safu zitakazoingia kwenye jedwali linaloambatishwa. Saa, akaunti iliyojaribiwa, mashine iliyotumika, idadi ya majaribio: hizo zinatosha kumwamsha mtu na kumwonyesha pa kuanzia. Salio la mjane wa Ekerenyo halimsaidii kitu.

Wala sisemi tahadhari iende mikono mitupu. Ujumbe wa “kuna tatizo” pekee humwacha mtu gizani. Na wapo wanaoona heri kutuma yote, huenda yakahitajika. Yote yamo kwenye seva. Mchunguzi ayafuate huko, kwa ruhusa na kwa jina lake. Barua pepe ikishatoka hairudi, na simu hupotea kwenye matatu kila siku.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za watu zitumike kwa kiasi kinachohitajika tu. Zikidukuliwa na watu wakawa hatarini, taasisi ina saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Saa hizo ni chache mno kwa anayeanza kwa kupekua maelfu ya mistari.

Vyama vya akiba, hospitali na ofisi za kaunti, Kisii na Nyamira, wakae na mafundi wao wiki hii, wafungue tahadhari moja moja na kuuliza: inabeba nini, na inamfikia nani? Nasi wanachama tuulize hayo kwenye mkutano mkuu. Kwa chama changu, mkono wa kwanza kuinuka utakuwa wangu.