Vitabu vya Clare si Porojo za Wazee

Magharibi ya Ireland, baina ya mto Shannon na ghuba ya Galway, iko kaunti iitwayo Clare, nchi ya mawe, ng'ombe na mvua isiyochoka. Watu wake si wengi. Lakini vitabu na majarida juu ya historia yake, magofu yake na masimulizi yake ni mengi kupita kiasi ambacho mgeni angekitarajia, na sehemu kubwa imeandikwa na wenyeji wenyewe: walimu, mapadre, wakulima wasomi, wahandisi waliostaafu. Jarida la The Other Clare, linalotolewa na chama cha historia na mambo ya kale cha Shannon, lilianza mwaka 1977. Wapo wanazuoni wanaovitazama vichapo vya namna hii kwa jicho la pembeni, wakisema ni porojo za wazee zilizotiwa jalada. Sisi hatuafikiani nao.

Yafaa tuanze na hasara. Mwaka 1854 vibarua waliokuwa wakichimba njia ya reli karibu na Newmarket-on-Fergus walifukua, chini ya mawe, vyombo vya dhahabu zaidi ya 150, vingi vikiwa bangili, vilivyozikwa hapo yapata miaka 800 kabla ya Kristo. Ilikuwa hazina kubwa kuliko zote za dhahabu ya zama za shaba zilizopata kuonekana Ireland. Vibarua wale, ambao wengi wao bila shaka walikuwa wameponea chupuchupu katika njaa kuu, waliuza walichoweza kwa bei ya kutupa, na masonara wakakiyeyusha. Hatuwalaumu. Katika sensa ya 1841 Clare ilikuwa na watu zaidi ya 286,000. Miaka kumi baadaye walibaki kama 212,000. Mtu aliyeona mazishi ya kiasi hicho haulizwi kwa nini alipendelea mkate kuliko bangili ya mfalme asiyemjua. Lakini ukweli unabaki kwamba sehemu kubwa ya hazina ile leo inajulikana kwa maandishi ya waliowahi kuiona, na kwa nakala zilizofinyangwa kabla vyombo vyenyewe havijatiwa kalibuni. Wino ulihifadhi kile ambacho dhahabu ilishindwa kujihifadhia.

Hasara ya pili ilikuwa kubwa zaidi, nayo haikuletwa na njaa. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la nyaraka za serikali katika Four Courts mjini Dublin lililipuka na kuteketea. Sensa za 1821 hadi 1851 zilikuwa humo, na karibu zote zikawa majivu. Hali kadhalika wasia, hati za mahakama, na madaftari mengi ya ubatizo na ndoa ya Kanisa la Kiprotestanti. Tangu siku ile mwandishi wa kaunti aliyekuwa amenakili karatasi mbili tatu kwa ajili ya kitabu chake, kama alivyofanya James Frost katika historia yake ya Clare iliyotoka mwaka 1893, akageuka kuwa shahidi. Kitabu kilichokuwa kikisomwa na majirani kwa kujifurahisha kikawa cha kutegemewa, kwa sababu asili haipo tena. Nani tena atathubutu kukiita porojo?

Miezi michache kabla ya moto huo alifariki Thomas Johnson Westropp, ambaye jina lake halikwepeki katika habari za Clare. Alikuwa mhandisi kwa elimu, mtu wa ukoo wa wenye mashamba, aliyezaliwa mwaka 1860 katika kaunti jirani ya Limerick. Kwa miaka mingi alizunguka uwanda wa mawe wa Burren akipima na kuchora ngome za mawe na makaburi ya kale, moja baada ya jingine, mengine yakiwa yamekwisha kuanguka nusu. Baina ya 1910 na 1913 alichapisha uchunguzi wake wa masimulizi ya jadi ya Clare katika jarida la Folklore la London. Palikuwa na kasoro moja kubwa: mkulima wa Burren ambaye ngome ilikuwa katika malisho yake hakulisoma jarida hilo, wala hakujua kwamba lipo. Maandishi ya Westropp yalikaa katika makabati ya wanachama wa vyama vya wasomi hadi mradi wa masomo ya kaunti, ukishirikiana na maktaba ya kaunti, ulipoyakusanya na kuyatoa kwa vitabu mwaka 1999 na 2000. Barua za John O'Donovan na Eugene O'Curry, waliopita Clare mwaka 1839 wakikusanya majina ya mahali kwa ajili ya ramani za serikali, zilisubiri hadi 1997 kupata kitabu cha kununuliwa na kila mtu. O'Curry alikuwa mzaliwa wa Clare, na watu wa kwao walingoja miaka 158.

Hapa ndipo tunapoona faida ya vichapo vya nyumbani. Kuandika ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kurudisha.

Na waliofahamu hilo mapema kuliko wengine walikuwa walimu wa shule za msingi. Katika miaka ya 1937 na 1938 Tume ya Masimulizi ya Jadi ya Ireland, iliyoundwa mwaka 1935 chini ya Séamus Ó Duilearga, iliomba shule za kaunti 26 ziwape watoto kazi: waende nyumbani, wamuulize babu, bibi na jirani, waandike. Shule kama 5,000 ziliitikia, na watoto wapatao 50,000. Wakaandika juu ya visima vitakatifu, dawa za mitishamba, njaa kuu, majina ya mashamba, jinsi ya kusukuma siagi, na mizimu. Leo kurasa hizo, ambazo hufikia 740,000, zimo katika chuo kikuu cha Dublin, na mtu aweza kuzisoma kwa intaneti kijiji kwa kijiji. Sisi tunaona kuwa ni miongoni mwa kazi za kizalendo zilizofanywa kwa gharama ndogo mno: kalamu, daftari na mzee mwenye nafasi jioni. Wasomaji wetu waliopata kufundishwa na mapadre au masista wa Ireland huenda wakakumbuka jinsi wageni wale walivyopenda hadithi. Sasa wajue kwamba baadhi yao huenda walikuwa miongoni mwa watoto hao.

Wenye shaka hujibu kwamba hadithi si historia, na kwamba jembe la mchimbuaji wa mambo ya kale ndilo pekee lisemalo kweli. Jembe nalo linahitaji kitabu. Kaburi la Poulnabrone, lile jiwe pana lililobebwa na mawe kama meza ya majitu, lilichimbuliwa mwaka 1986 na 1988 baada ya nguzo yake moja kuonekana ina ufa. Ikapatikana mifupa ya watu zaidi ya 30, waliowekwa humo baina ya mwaka 3800 na 3200 kabla ya Kristo, wengi wakiwa wamekufa vijana. Mwaka 2020 uchunguzi wa chembe za urithi ulionyesha kwamba mmoja wao alikuwa mtoto mchanga wa kiume mwenye ugonjwa wa Down; watu wale wa kale walimpa mahali katika kaburi la wakubwa. Lakini taarifa kamili ya uchimbaji ilitoka mwaka 2014, miaka 28 tangu jembe la kwanza. Kwa muda huo wote magari ya watalii yalisimama pale kila siku, na aliyetaka maelezo alitegemea makala fupi fupi. Tunaheshimu uangalifu wa wataalamu, ila uangalifu ukizidi hufanana na ubahili.

Tena masimulizi huweza kufanya kazi ambayo sheria imeshindwa kuifanya. Mwaka 1999 barabara kuu mpya ilikuwa ipite Latoon, mahali palipo na mti mmoja wa miiba ambao, kwa imani ya zamani, ni kituo cha wale viumbe wasioonekana ambao wenyeji, kwa tahadhari, huwaita watu wema. Eddie Lenihan, msimulizi na mwalimu aliyekusanya hadithi za Clare kwa miaka mingi na kuandika kitabu juu ya Biddy Early, mganga mashuhuri wa karne ya 19, alipinga hadharani mti ule usikatwe. Watu walicheka. Magazeti ya ng'ambo yalicheka zaidi. Mwishowe mti ukaachwa, ukazungushiwa uzio, na lami ikapita kando. Mwaka 2002 mtu asiyejulikana aliyakata matawi yake kwa msumeno, nao ukachipua upya. Hatumwombi msomaji aamini habari za watu wema. Tunachosema ni kwamba wahandisi wa barabara walikuwa na ramani zote isipokuwa ile iliyokuwa kichwani mwa wazee, na bila mtu aliyekwisha kuisikia na kuiandika wasingejua kwamba ipo.

Wala hatusemi kwamba kila kitabu cha kaunti ni lulu. Wapo waandishi wanaonakili wenzao bila kutaja, na wapo wanaotupa hadithi pasi na jina la aliyeisimulia, mahali wala mwaka, hata isijulikane ni ya kijiji kile au ni ya mwandishi. Kosa hilo latuudhi kuliko makosa ya sarufi.

Kubwa zaidi ni suala la lugha. Stiofán Ó hEalaoire, msimulizi wa kaskazini ya Clare aliyefariki mwaka 1944, alimsimulia Ó Duilearga hadithi zake kwa Kiayalandi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1981, miaka 37 baada ya kifo chake, na mwaka mmoja baada ya kufariki kwa Ó Duilearga mwenyewe. Wakati huo wasemaji wazawa wa lugha ile katika pwani yake walikuwa wamebaki wa kuhesabika, na wajukuu wa wale waliokuwa wakimsikiliza kando ya moto hawakuweza kukifuata bila msaada. Tunaomba maktaba ya kaunti na wahisani wake, watakapopanga vitabu vya kutoa upya, wasianze na yale ambayo tayari yamo katika Kiingereza na tayari yana wasomaji. Waanze na Stiofán, maneno yake upande mmoja wa ukurasa na tafsiri upande wa pili, kwa bei ambayo mwanafunzi wa Doolin aweza kuimudu.